Kuchanga Kabla ya Moto

Hotuba ya Halmashauri juu ya uchomaji wa mashamba na vikosi vya kujitolea vya kuzima moto, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za fedha mmekwisha kusomewa. Mmesikia yaliyotumika kwa mazishi, kwa karo na kwa wagonjwa. Sasa twaomba mtusikilize juu ya jambo lisilo na ukurasa wake katika daftari la mweka hazina, ingawa hututoa fedha mara kwa mara. Jambo hilo ni moto.

Desturi ya chama hiki imekuwa hii: nyumba ikiungua, orodha ya mchango hufunguliwa, mabati, blanketi na sufuria hununuliwa, mwenye hasara hupewa pole. Desturi hiyo ni njema, wala hatuombi iachwe. Lakini fedha ichangwayo baada ya moto hununua tu kile kilichokuwapo jana. Haiongezi kitu. Mabua ya jirani yakiungua tena mwaka ujao, twarudi kuchanga tena. Leo twawaombeni jambo jipya: tuchange kabla ya moto, kwa fedha kidogo na kwa nguvu zetu wenyewe.

Kwanza tuseme moto wenyewe ulivyo. Moto huishi kwa vitu vitatu: joto, hewa, na chakula chake, yaani nyasi, majani na kuni. Kiondoe kimoja, nao hufa. Maji huondoa joto. Udongo na gunia lililoloweshwa huziba hewa. Jembe na panga huondoa chakula. Basi mtu asiye na maji hana sababu ya kukaa akilia. Akiwa na jembe anayo silaha.

Pili, moto hupenda kupanda. Mahali tambarare ndimi zake husimama, au huinamishwa na upepo. Mlimani huyaegemea majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla ya kuyafikia. Wachunguzi wa mioto ya mwituni huko Australia wana kanuni ya kukadiria: mteremko ukizidi kwa digrii 10, kasi ya moto upandao huwa kama maradufu. Kila mmoja wetu anajua miteremko ya kwetu jinsi inavyochosha magoti. Moto ambao huko bondeni mtu aweza kuutangulia kwa mwendo wa kawaida, ukishika mlima humshinda kijana akimbiaye.

Tatu, upepo. Alfajiri hewa hutulia na umande ungali majanini. Jua likipanda, upepo huanza kupanda kutoka nyikani, na kati ya saa sita na saa kumi za mchana majani huwa makavu kabisa. Hizo ndizo saa ambazo wengi wetu huchoma, kwa kuwa huwaka upesi na kazi huisha upesi. Na kwa sababu iyo hiyo hutuponyoka.

Nne, moto usioonekana si moto uliokufa. Kisiki, mizizi mikavu na lundo la samadi huweza kuficha makaa kwa siku kadhaa. Mwenye shamba huenda kulala akidhani kazi imekwisha. Upepo wa kesho ndio uamshao.

Ndugu zetu, nchi yetu ina vipindi viwili vya ukavu: kile cha kabla ya masika, na kile kirefu cha katikati ya mwaka hata vuli. Mwisho wa kila kipindi mkulima hufyeka, hukusanya na kuchoma ili apande mvua ya kwanza ikinyesha. Maana yake ni kwamba twawasha moto katika majuma yale ambayo nchi iko tayari zaidi kuungua. Hatusemi haya ili kuwatukana wakulima. Sisi sote tu wakulima au wana wa wakulima. Twasema ili ijulikane kuwa hatari hii ina majira yake, na yenye majira huweza kungojewa kwa matayarisho.

Wala si mashamba peke yake. Warina asali huacha mwenge umeegemezwa katika tundu la mti. Wachoma makaa huondoka kabla tanuri halijapoa. Takataka za nyumbani huchomwa chini ya paa la nyasi. Kipande cha sigara hutupwa kando ya njia. Nyika iliyotuzunguka nayo imeungua. Mwezi wa Agosti 2020 moto ulikula nyasi za Tsavo. Mwezi wa Machi 2012 uliunguza juu ya Mlima Kenya, na mwezi wa Februari 2022 uliunguza milima ya Aberdare. Katika mioto ya namna hiyo walinzi wa wanyama na wa misitu hawatoshi peke yao; huhitaji mikono ya watu wakaao karibu.

Sasa twaomba ruhusa ya kusimulia kisa kimoja bila kutaja mtu wala kijiji. Msimu mmoja wa kiangazi, upande mmoja wa vilima hivi, mzee mmoja alichoma mabua yake adhuhuri akiwa peke yake. Cheche ziliruka mpaka. Akakata tawi, akaupiga moto kimya kimya, kwa kuwa aliona haya kupiga yowe. Alipopiga yowe, moto ulikuwa umekwisha vuka kijito kikavu na kushika jiko la mjane jirani yake. Hakufa mtu. Lakini ghala la mahindi liliteketea, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa. Ugomvi uliofuata ulidumu kuliko moto. Ilifika hata watoto wa nyumba zile mbili wakaacha kufuata njia moja kwenda shule. Mzee yule alipoulizwa kwa nini hakuita mapema, alijibu kwamba aliogopa faini, na zaidi ya faini aliogopa kusemwa.

Wazee wetu, jibu hilo limetufikirisha sana katika Halmashauri. Moto wa kwanza ulikuwa mdogo. Watu watatu wenye matawi wangeumaliza. Kilichounguza ghala la mjane ni zile dakika alizokaa kimya. Nasi majirani tuna fungu letu katika kimya kile, kwa kuwa tumezoea kumzomea mtu kabla ya kumsaidia. Mahali ambapo aitaye huaibishwa, watu hawataita. Kwa hiyo, kabla ya kununua ndoo hata moja, yatupasa kuafikiana neno hili: kuzima kwanza, hukumu baadaye. Aliyefuata masharti na kupiga yowe mara moja, asisemwe, na majirani wamsaidie kulipa hasara. Aliyewasha kwa siri akakimbia, huyo alipe mwenyewe, mbele ya wazee, na mbele ya sheria pia ikilazimu.

Wako watakaosema kwamba kuzima moto ni kazi ya Serikali. Wanasema kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za zimamoto na maafa mikononi mwa serikali za kaunti. Hiyo ni haki yetu, na Halmashauri itaendelea kuidai. Lakini gari la zimamoto, hata likiwa zima na limejaa maji, hupanda barabara ya kona nyingi, kisha hufika mahali ambapo barabara imekoma na kijia cha mbuzi kimeanza. Kutoka hapo moto hukutana na watu waliopo, wala si na watu wanaotakiwa kuwapo.

Wako pia watakaosema: sisi tuko Mombasa kazini, yatuhusuje? Twawajibu kwa upole. Kwa kuwa mko Mombasa, waliobaki nyumbani ni wazazi wenu na watoto wenu. Zamani shamba likichomwa, vijana kumi walisimama mpakani na matawi mikononi. Leo mara nyingi anayewasha ni bibi wa miaka sabini pamoja na mjukuu. Nguvu za shamba zimehamia mjini. Sharti nazo zirudi kwa njia nyingine, kama si kwa miguu basi kwa mchango.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kusaidiana wakati wa moto, na kila mwanachama alipaswa kuwa na ndoo za ngozi na mifuko ya kuokolea vyombo. Kile kilikuwa chama cha kusaidiana kama hiki chetu. Huko Victoria, Australia, mwezi wa Januari 1939 mioto iliua watu 71, na jaji aliyewekwa kuchunguza alisema wazi kwamba iliwashwa na mikono ya watu. Mwaka 1945 ikaundwa mamlaka moja ya kuunganisha vikosi vya kujitolea vya mashambani, na hata leo wakulima, walimu na wenye maduka ya huko huacha kazi zao kwenda kuzima moto wa jirani. Nasi hapa nyumbani tunao msaragambo. Kinachotakiwa ni kuutia msaragambo huo utaratibu, ili watu wasiwe wanajifunza kuzima moto siku ile ile moto unapowaka.

Basi Halmashauri yaleta masharti saba ya uchomaji, yajadiliwe na mkutano huu:

1. Asichome mtu peke yake. Wawepo watu wazima wasiopungua wanne, wenye majembe, matawi mabichi na maji.

2. Majirani wa pande zote na mzee wa kijiji wapewe habari siku mbili mbele. Aliye karibu na msitu wa Serikali amwulize kwanza ofisa wa misitu, akikataliwa, asichome.

3. Shamba lizungushiwe ukanda uliolimwa mpaka udongo mtupu uonekane. Upana wake usipungue mara mbili ya kimo cha kitakachochomwa, wala popote usiwe chini ya hatua nne.

4. Isichomwe mchana wa jua kali wala siku ya upepo. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri.

5. Kwenye mteremko moto uwashwe upande wa juu, ushuke polepole. Wala usiwashwe chini ukaachwa upande. Zikusanywe chungu ndogo, moja baada ya moja, wala si shamba zima kwa pamoja.

6. Asiondoke mtu kabla majivu hayajamwagiwa maji au kufunikwa udongo na kupapaswa kwa mgongo wa mkono. Alfajiri ya pili mwenye shamba arudi kutazama visiki.

7. Cheche ikivuka ukanda, yowe lipigwe saa iyo hiyo. Aitaye asisemwe.

Masharti haya hayapingani na sheria za nchi, bali huzisaidia. Sheria ya Mioto ya Nyasi, Sura ya 327, yakataza mtu kutia moto majani ya shamba lisilo lake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 yakataza kuwasha moto katika msitu wa umma bila idhini. Nayo hutambua vyama vya misitu vya wananchi na kuvihesabia kuzima moto kuwa moja ya kazi zao. Vikosi vyetu vitafanya kazi bega kwa bega na vyama hivyo, visishindane navyo.

Juu ya vikosi vyenyewe, twapendekeza kila kijiji kiwe na watu kumi na wawili waliojitolea, wenye afya, wasio watoto, na viongozi wawili. Mmoja wa viongozi hao awe mama. Akina mama ndio walio nyumbani siku zote. Kuwahesabu kuwa wachota maji tu ni kujipunguzia nguvu. Vifaa si vya gharama kubwa: majembe, mapanga, reki, magunia, madumu ya maji, na mabomba mawili ya mgongoni yasiyopata kutiwa dawa ya wadudu. Vitu hivyo viwekwe katika nyumba ambayo haikosi mtu, wala visifungiwe katika chumba ambacho ufunguo wake husafiri kwenda Voi kila Jumatatu. Ishara ya hatari iwe moja ijulikanayo na wote, ya kengele au filimbi, kisha simu ipigwe 999 au 112.

Kila mwanakikosi afundishwe kujilinda, kwa maana twataka majirani walio hai, wala hatutaki mashujaa wa kuzikwa. Avae nguo za pamba na viatu vya kufunika mguu. Nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Asisimame juu ya moto upandao mlima, wala asiukabili uso kwa uso. Aushike kwa ubavu, akianzia pale palipokwisha ungua. Gunia lisiinuliwe juu na kurushwa, kwa kuwa hutawanya cheche, likandamizwe. Kabla ya kuanza, kiongozi ahesabu watu wake na kuwaonyesha njia ya kutorokea, na kwa kawaida mahali pa salama ni palipokwisha ungua na kupoa. Moto ukishika vilele vya mikaratusi au misindano, watu warudi nyuma, waokoe nyumba na mifugo, waite msaada mkubwa.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala matope. Pete na bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, naye apelekwe hospitali. Nguo zikishika moto asikimbie. Alale chini na kugaagaa. Halmashauri yaomba pia kwamba mwanakikosi akiumia kazini, chama kimtibu kwa fedha zake. Tusimwombe mtu aingie motoni kwa ajili yetu, kisha tumwache atafute nauli ya hospitali.

Bado liko swali kubwa zaidi: je, ni lazima kuchoma? Majivu hutia nguvu katika udongo kwa msimu mmoja, hilo twalikubali. Lakini moto huchukua naitrojeni na kula ule weusi wa udongo ushikao maji, na mvua ya kwanza huukuta mlima uchi, ikauteremsha mtoni. Mabua yaleyale yakilazwa kwa mistari kukata mteremko, juu ya matuta yetu, huzuia udongo na kuoza kuwa mbolea. Si kila takataka yafaa kulazwa. Mmea wenye ugonjwa huweza kustahili moto. Lakini tukipunguza kuchoma kwa nusu, tumepunguza nusu ya hatari bila kununua kitu.

Wazee wetu wanazo fighi, ile misitu mitakatifu iliyolindwa na ukoo baada ya ukoo. Hakuna aliyethubutu kukata mti wala kuwasha moto humo ovyo, na amri ile haikuandikwa popote. Ilikaa katika vinywa vya wazee na katika macho ya majirani. Mabaki ya misitu ya asili huko Ngangao, Chawia na Mbololo ni madogo, lakini ndiyo yanasayo ukungu na kulisha chemchemi. Humo wamo ndege wasioonekana pahali pengine popote duniani. Msitu wa asili wenye unyevu hauungui upesi. Huungua kuanzia kingo zake, pale upakanapo na misindano na mashamba yetu. Kingo hizo ndizo tulizokabidhiwa sisi.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza, masharti saba yakubaliwe na kusomwa katika kila baraza la kijiji kabla ya kila kiangazi. La pili, sehemu moja katika kumi ya ada za mwaka iwekwe kando kwa vifaa, mafunzo na matibabu ya vikosi, na hesabu yake isomwe mbele yenu kila mwaka kama fedha nyingine. Mwaka ambao fedha hiyo haikuguswa kwa matibabu, wala orodha ya mchango wa moto haikufunguliwa, mtu asiseme fedha imepotea. Huo ndio mwaka ambao chama kimefanya kazi yake.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja huzimika peke yake. Vikikutanishwa viwili, moto huwaka. Kama moto wenyewe huhitaji umoja ili uwake, sisi tutauzimaje kila mtu peke yake?

 Sasa twamrudishia Mwenyekiti mkutano, wazee wapate kusema.